Muosha aliona nini mgongoni? Jibu kwa mwandishi wa riwaya wa Lamu

*"Assalaam aleikum, bibi wakili. Mimi ni mwalimu hapa Lamu, Amu kwa sisi wenyeji, na usiku naandika riwaya. Ni kisa cha wanawake watatu wa mtaa wa Mkomani: bibi mzee muosha maiti, bintiye fundi wa nguo, na mjukuu aliyesomea kompyuta Mombasa. Wanachunguza kifo cha mwaka 1984, cha shangazi yake yule fundi, aliyekutwa akielea ufuoni upande wa Shela asubuhi ya Nisfu Shaaban. Ikasemwa ameteleza akafa maji, akazikwa kabla ya adhuhuri. Mumewe alisema alikuwa Siyu, kisiwani Pate, tangu juzi yake, akaondoka huko kwa mashua saa nne ya usiku ule na kufika Amu alfajiri. Shangazi yangu hakujua kuogelea, lakini pia hakuwa mtu wa kwenda pwani usiku. Rafiki aliyesoma muswada ananiambia niubadilishe: wanawake wa Lamu hawachunguzi mauaji, kesi ya miaka 40 imeshaoza, kwa hivyo nilete inspekta kutoka Nairobi apime DNA ya mifupa. Mwisho wangu mimi ni muuaji kukiri arusini mbele ya wanawake wote. Je, nibadilishe? Na kisheria, kisa hiki kinasimama?"*

Waaleikum salaam, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kama mpenzi wa riwaya, ya pili kama mtu aliyekaa mahakamani Malindi miaka mingi akisikiliza watu walivyokufa. Mara ya pili nilijikwaa kwenye neno moja, nitalirejea mwishoni. Kwanza riwaya.

Ukiyachuja maneno ya rafiki yako, hofu inayobaki ni kwamba wanawake wako hawana cha kuchunguzia. Hawana kitambulisho cha polisi, hawana maabara, hawawezi kuingia stesheni wakaomba kufunguliwa kabati. Ni kweli. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyemshika marehemu. Polisi hukuwataja. Daktari hukumtaja, wala mochari. Aliyemshika, akamgeuza, akamwosha kidole kimoja kimoja ni bibi yako muosha. Katika kisa kizima, mtu pekee aliyeukagua mwili ule ni yeye, na bado yu hai, amekaa ndani anakunywa kahawa. Inspekta akija kutoka Nairobi, kama anaijua kazi yake, mtu wa kwanza kumtafuta ni huyo bibi. Sasa ya nini kumleta mgeni apande ngazi ambayo wenyeji wako tayari juu yake?

Tuingie naye chumbani, maana hapa ndipo riwaya yako ilipolala na wewe umepita mbio.

Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Amelazwa, amesitiriwa kwa leso. Maji yametiwa majani ya mkunazi, na ya mwisho yana karafuu maiti. Muosha amejifunga kitambaa mkononi. Anaosha upande wa kulia, kisha wa kushoto, na ili aufikie mgongo humwinua ubavu kidogo, mwenzake akimshika bega. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe ni giza hata mchana, kwa hivyo mpe karabai imulike karibu. Anapomwinua, mgongo unaonekana. Simama hapo. Aliona nini?

Mtu akifa, moyo ukiacha kusukuma, damu hufuata uzito wake kama maji mtungini na kushuka upande wa chini. Baada ya saa chache ngozi ya upande huo huiva rangi, wekundu unaoingia zambarau, isipokuwa pale mwili ulipobanwa na sakafu. Ikiwa alilala chali, mabegani na matakoni hubaki mabaka yaliyofifia, kwa sababu damu haikupata nafasi ya kuingia. Mwanzoni ukiugeuza mwili, rangi nayo huhama. Zikipita saa nane mpaka kumi na mbili hivi, huganda pale pale, umgeuze usimgeuze. Na mwili unaoelea majini kwa kawaida huwa kifudifudi, kichwa na viungo vimening'inia, kwa hivyo rangi, ikiwapo, hutafutwa usoni, mikononi na miguuni.

Sasa bibi yako anamwinua mtu aliyeambiwa amekufa maji usiku ule, anakuta mgongo mzima umeiva, na mabegani mabaka mawili yaliyofifia kama mtu aliyelala juu ya sakafu. Yeye hajui jina la kitu hicho. Anajua tu kwamba hakifanani na maiti za baharini alizowahi kuziosha, na mtu wa Amu wa umri wake ameziosha si haba. Anajua pia kwamba wafa maji wengi hutoka povu jeupe, laini, puani na mdomoni, ukilifuta linarudi. Kwa huyu alifuta mara moja tu.

Ukikubali alama hiyo, mwalimu, kisa chako kinapinduka. Rangi imeshaganda asubuhi, maana yake marehemu hakufa usiku. Alikufa jana yake, alasiri au mapema zaidi, akalazwa chali mahali pagumu, ndipo akapelekwa baharini. Miaka 40 na ushei watu wa mtaa wameulizana nani alikuwa wapi usiku ule, wakati swali lenyewe lilikuwa la mchana. Na madai ya mume kwamba alikuwa Siyu sasa yapimwe kwa mchana ule, si kwa usiku peke yake. Mimi ningeupa ugunduzi huu sura nzima, na ningemwacha fundi wa nguo ndiye aushtukie, maana yeye ndiye azoeaye kutazama kitambaa upande wa nyuma.

Niwe mkweli, alama hii si msahafu. Maji baridi huichelewesha, mawimbi yanayoubiringisha mwili huizuia isitulie, na kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida. Povu nalo kukosekana si hoja kamili. Wakili mzuri wa upande wa pili atamwuliza bibi aliona kwa taa gani, na macho yake yalikuwaje mwaka 1984. Mwache aulize. Msomaji ataogopa pamoja na bibi.

Kisha kuna kilichomnyamazisha. Muosha ana amana: aliyoyaona juu ya maiti hayatoki chumbani. Bibi huyu hakunyamaza kwa uoga peke yake, alinyamaza kwa dini yake, na hapo ndipo penye uchungu. Msalishe usiku, mpeleke kwa shehe akaulize kama sitara aliyoamrishwa ni ya aibu ya marehemu au inaifunika na dhuluma aliyofanyiwa. Jibu la shehe liandike kwa uangalifu, ulionyeshe kwa mtu mwenye ilimu kabla ya kuchapisha. Na usisahau swali ambalo mji wetu haulipendi: bibi huyu alikuwa binti wa nani? Kama alizaliwa katika watu ambao neno lao mbele ya waungwana wa Mkomani halikuwa na uzito, basi hata angesema mwaka ule, angesikilizwa na nani? Rafiki yako anadhani kizuizi cha wanawake wako ni buibui. Nyumba za Mkomani zina wikio, ule ujia wa juu unaovuka njia kutoka ghorofa hii mpaka ile. Wanawake walipita huko vizazi na vizazi bila kugusa mtaa. Hawakukosa pa kupita, na wasiosikilizwa walijulikana kwa majina ya wazazi wao.

Sasa mashua ya Siyu. Nilicheka peke yangu nilipoisoma, maana sidhani kama umejua ulichokiandika.

Umesema usiku wa Nisfu Shaaban, basi umesema mwezi mpevu. Miezi yetu inahesabiwa kwa mwezi, kwa hivyo tarehe ya Kiislamu ndani yake imebeba bahari: mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji kujaa sana na kupwa sana, na baina yao maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kwenye pwani yetu bamvua lina saa zake. Hujaa mnamo saa kumi jioni na saa kumi za alfajiri, na hupwa mnamo saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo hata mwezi wa Shaaban ukiwa ulionekana tofauti kwa siku moja, hesabu haiharibiki sana. Na Siyu iko ndani ya hori, mkono mwembamba wa bahari, katikati ya mikoko. Nahodha yeyote wa Pate atakwambia huko hakuendwi wala hakutokwi ila maji yakijaa. Saa nne ya usiku wa bamvua, mashua ya bwana huyu ilikuwa imekaa juu ya tope, imelalia ubavu.

Hakuondoka saa hiyo. Labda aliondoka na maji ya jioni, labda hakuwa Siyu kabisa. Vyovyote iwavyo, amesema uwongo ambao mtoto wa baharia angeuona, na wanaume waliomsikia siku ya matanga walikuwa watoto wa baharia. Waliuona. Hilo ndilo la kuwafanya wanawake wako waulize kwa nini halikusemwa. Ongeza na msimu: Nisfu Shaaban ya mwaka 1404 iliangukia katikati ya Mei 1984, upepo wa kusi umeshaingia, mvua za masika zinapiga, na kutoka Siyu kuja Amu ni kuukabili upepo. Mjukuu wa kompyuta unaweza kumpa kazi ya kuhakikisha mwezi wa usiku ule, programu za kuhesabu zipo tele. Ila neno "maji yalikuwa yamekupwa" litoke kwa mwanamke aliyekuwa akichokoa pweza miambani. Linanoga zaidi hivyo. Yale maji ya saa kumi za alfajiri nayo yaangalie: ndiyo yaliyomchukua marehemu kumpeleka Shela, na aliyemtia ndani aliyajua.

Upande wa sheria rafiki yako amepotoka, ingawa si peke yake. Wengi hudhani mauaji yakikaa miaka kadhaa "yanafutika". Kenya, kosa la kuua kwa kukusudia halina muda wa kupitwa. Na hiyo kesi iliyooza ni ipi? Mwanamke alizikwa kabla ya adhuhuri, hakuna aliyepiga ripoti, ingawa Ngome, iliyokuwa gereza mpaka mwaka ule ule wa 1984, ilisimama katikati ya mji na askari ndani yake. Basi hakuna hata namba ya OB, lile daftari la matukio la polisi. Huwezi kufungua upya ambacho hakikufunguliwa, ila unaweza kukianza. Sheria ya utaratibu wa kesi za jinai, kuanzia kifungu cha 385 mpaka 388, inaweka uchunguzi wa hakimu kuhusu chanzo cha kifo, wenyewe mahakamani tukiuita inkwesti. Hauhitaji mshtakiwa. Unauliza marehemu alikufa vipi, basi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza wakati wowote kumwagiza hakimu aufanye, na hakimu ana uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe. Msichana mmoja wa Nanyuki alipotea mwaka 2012, mwili ukaja kukutwa ndani ya tangi la maji taka la hoteli. Mwaka 2019 ndipo hakimu alipotamka, baada ya uchunguzi wa namna hiyo, kwamba aliuawa. Riwaya inayoishia kwenye mlango wa uchunguzi kama huo ni riwaya iliyokamilika.

DNA iache. DNA hujibu "huyu ni nani". Mwaka 2023 sisi wa Malindi tulijifunza hilo kwa machozi: Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na familia zikatoa sampuli, zikangoja miezi, kwa sababu hakuna aliyejua yupi ni wa nani. Kaburi la shangazi wa riwaya linajulikana. Swali la wanawake wako ni alikufaje, na mifupa ya aliyekufa maji haisemi sana. Aliyekabwa koo anaweza kuacha ufa kwenye kifupa kidogo cha shingoni, lakini kwa kijana kifupa hicho mara nyingi huwa bado hakijaungana, hupinda bila kuvunjika. Pigo la kichwani ndilo hubaki: mfupa mbichi huvunjika kwa kingo kali zilizopinda, na rangi ya kingo ni ile ile ya mfupa wote, tofauti na mfupa mkavu uliovunjwa na jembe la mfukuaji. Ukiutaka ufukuaji, uwe na sababu ya namna hiyo. La sivyo mwache alale.

Na arusi. Kwanza nikuchokoze: kama muuaji ni mume, aliingiaje upande wa wanawake? Au ndiye bwana harusi, kwa umri ule? Tuseme umelitatua. Bado kuna kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi. Kukiri kwa mshtakiwa hakukubaliwi mahakamani ila kumefanywa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi asiye chini ya cheo cha Inspekta ambaye si yeye anayechunguza kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na anayekiri. Wanawake 200 wenye hina mikononi, wote wamesikia, na kisheria hawakusikia kitu.

Usiitupe arusi, isogeze. Iweke katikati ya kitabu. Akiri, mji mzima ulale umejua, na asubuhi wakili awaambie wanawake wako kwamba walichonacho hakishiki. Hapo watalazimika kutafuta yale yasiyotegemea ulimi wake: mgongo uliooshwa, maji ya Siyu, na jalada la mirathi kwa Kadhi. Hilo la mwisho hukuligusa kabisa. Mirathi ya Waislamu kwa kawaida hupita mahakama ya Kadhi, na huko huandikwa nani alirithi nini na lini aliharakisha kuomba. Kadhalika maneno ya marehemu mwenyewe kwa somo wake. Kauli ya mtu aliyekwisha kufa kuhusu mazingira yaliyompeleka kwenye kifo chake inaweza kupokewa, kifungu cha 33 cha Sheria ile ile ya Ushahidi, hata kama alipoisema hakutarajia kufa. Kama alimwambia somo, "Nikionekana pwani, jueni sikwenda kwa miguu yangu", hiyo ina uzito kuliko arusi nzima. Leso yenye jina la mafumbo, ambayo najua inakushawishi, usiitie. Imetumika mno.

Sasa lile neno. Umeandika kwamba aliyekufa ni shangazi yake fundi wa nguo. Sentensi chache baadaye ukaandika "shangazi yangu hakujua kuogelea". Inawezekana ni kalamu iliyoteleza. Inawezekana pia kwamba saa nne ya usiku hukuitunga, uliisikia nyumbani, na ndiyo maana hukujua ina thamani gani.

Ikiwa ni hivyo, maswali yako hayawezi kumalizwa na jibu la kusomwa. Tafuta wakili wa jinai uketi naye ana kwa ana, au nenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ukiwa na mzee mmoja wa familia, mwenye haki ya kusema kwa niaba ya marehemu. Kamuulize naibu wa chifu kifo kiliandikishwaje. Usichapishe kwanza: aliyekufa hawezi kukushtaki kwa kumchafulia jina, lakini aliye hai anaweza, hata ukimbadilisha jina, ikiwa mtaa mzima utamtambua. Na kama bwana huyo bado yu hai, usimwendee na daftari. Mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo ana mengi ya kulinda, na wewe unarudi nyumbani peke yako usiku.

Na kama muosha naye yupo, muwahi. Mwombe wakili awepo, maneno yake yaandikwe hati ya kiapo, yasomwe mbele yake, atie dole. Muulize siku ile ilikuwaje tangu alipoitwa, ukae kimya, hata akianza na habari ya mkate wa mofa uliokuwa jikoni. Usimtajie mgongo, usimtajie rangi, usimtajie povu. Akiyataja mwenyewe ni ushahidi. Ukimtajia wewe, yameharibika. Kwa hivyo jibu hili usimsomee.